Maji Yanayokula Injini ya Lori

Apitaye alfajiri kando ya Barabara ya Jogoo katika mitaa ya Eastlands, tokea Makadara hadi Shauri Moyo, huona malori yakitayarishwa kwa safari. Mmoja anapima upepo wa magurudumu, mwingine anamimina maji ya bomba katika rejeta. Kazi hii ya pili huonekana ndogo, nayo huachiwa taniboi. Walakini mkebe huo wa maji waweza kuiua injini ya dizeli polepole.

Injini ya dizeli hupiga kwa nguvu kuliko ile ya petroli. Kila mpigo huitetemesha laina, yaani mwanzi wa chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Mtetemo huo huzaa mapovu madogo mno katika maji yaizungukayo laina, nayo yapasukapo huchimba chuma kama mchwa achimbavyo boriti. Hatimaye tundu hupenya, maji yakaingia katika oili, na oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Hapo hakuna budi kuifungua injini yote, na deni la lori halingoji.

Wako wasemao kwamba kulanti ni dawa ya baridi ya Ulaya, nasi Nairobi hatuna barafu. Kweli, barafu hatuna. Lakini dawa zilizomo hufanya utando mwembamba juu ya chuma, nao ndio ukingao dhidi ya kutu na mapovu hayo. Tena Nairobi imeinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hapo maji matupu huchemka katika nyuzi 95 hivi, si 100. Kulanti huchelewa kuchemka, hasa ikiwa kifuniko cha rejeta ni kizima; kile kilichofungwa kwa kitambaa hakisaidii kitu.

Rangi isimdanganye mnunuzi, maana kila kiwanda huchagua yake. Na asome kitabu cha gari, atafute aina iliyoandikwa kuwa ni ya injini kubwa za dizeli, wala asichanganye aina mbili. Chupa isiyotaja kazi yake na iachwe dukani, hata ikipendeza kama sharubati. Ikiwa kulanti haikuchanganywa kiwandani, kwa kawaida hutiwa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale yauzwayo kwa ajili ya betri, si asidi. Maji ya visima huacha magamba kama yale ya ndani ya birika.

Kipimo hutazamwa asubuhi, injini ikiwa baridi. Lori likichemka njiani likipanda kutoka Mombasa, kifuniko kisiguswe mpaka lipoe, wala maji baridi yasimwagwe ndani, kwani silinda hedi yaweza kupasuka. Kulanti za kawaida hubadilishwa kila miaka 2 hivi; nyingine hudumu zaidi.

Ile iliyotolewa ni sumu yenye ladha tamu, na katika mitaa hii watoto huchezea karibu na malori. Hutiwa katika mkebe wenye kifuniko, kamwe si mtaroni wala katika chupa ya soda.