Mgeni rasmi si lazima awe mzungumzaji mkuu

Ofisi ya mawasiliano ya kaunti huulizwa mambo mengi: basari, leseni za biashara, siku ya chanjo ya mifugo. Juzi swali lilitoka kwa walimu wawili na fundi mmoja wa kompyuta wa hapa Wang'uru, na halikuwa na fomu yake. Wamekusanya kompyuta za zamani ambazo bado zinawaka, pamoja na printa moja yenye kelele ya kinu, na wangependa kuandaa siku ya maonyesho ili wanafunzi na wakazi wazione zikifanya kazi. Ukumbi wanao. Umeme upo. Kilichowashinda ni kukubaliana nani atoe hotuba kuu. Walikuja na orodha ya majina manane, na yote manane yalikuwa ya watu wenye bendera kwenye gari au wanaotafuta kuwa nayo.

Niliwajibu kwa simu, haraka na vibaya. Kwa kuwa shule, makanisa na vyama vya ushirika vingi katika kaunti yetu huandaa siku za namna hii, hapa ni jibu lenyewe.

Maonyesho ya kompyuta za zamani yana historia yake. Tamasha linalojulikana zaidi lilianzishwa California, Marekani, mwaka 1997 na mkusanyaji wa kompyuta aitwaye Sellam Ismail, na tangu mwaka 2000 kuna la aina hiyo katika jiji la Munich, Ujerumani. Watu huleta mashine zao, huzipanga mezani, huziwasha, huwaacha watoto wabonyeze. Kisha hufika saa ambapo meza zote huachwa na watu huketi kumsikiliza mtu mmoja. Saa hiyo ndiyo hubeba siku nzima. Mashine inaweza kuonyesha jinsi ilivyofanya kazi. Haiwezi kusema nani aliinunua, nani aliiogopa, wala nani alipoteza kibarua ilipofika.

Tatizo letu hapa Kenya ni kwamba tumezoea kuchanganya vyeo viwili. Mgeni rasmi hualikwa kwa sababu ya ofisi anayoishikilia. Kuwapo kwake huipa shughuli uzito, na pengine ahadi ya viti au paa. Mzungumzaji mkuu hualikwa kwa sababu ya anachokijua. Ukimpata mtu mmoja mwenye yote mawili, ni bahati. Mara nyingi hana, na si kosa lake: hotuba yake imeandikwa na mtu kama mimi, usiku wa kuamkia siku hiyo, mtu ambaye hajawahi kungoja flopi imalize kusoma.

Wang'uru inazijua hotuba kubwa. Oktoba 20, 2021, sherehe za kitaifa za Mashujaa zilifanyika katika uwanja wetu, na Rais wa Malawi, Lazarus Chakwera, alikuwa mgeni. Muulize aliyekuwa pale anakumbuka nini. Hatakusomea aya za hotuba. Atakuambia kafyu iliondolewa, kwa sababu hapo ndipo Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza mwisho wa kafyu ya usiku iliyokuwapo tangu Machi 2020. Hilo ni yeye tu aliyeweza kulisema siku ile, na hilo ndilo lililobaki. Kipimo hicho kinafaa hata kwa maonyesho ya ukumbi wa shule. Tafuteni mtu mwenye jambo ambalo ni yeye tu anayeweza kulisema.

Mei 2019, tamasha kama hili lilifanyika katika jimbo la New Jersey, Marekani, na wahusika walimwalika Ken Thompson. Huyu, pamoja na Dennis Ritchie, ndiye aliyeanza kuunda Unix mwaka 1969 katika maabara za Bell. Simu nyingi za Android mifukoni mwetu zinaendeshwa na Linux, ambayo ilifuata mfano wa Unix, kwa hiyo kazi yake imefika hadi kwenye mifereji ya Mwea. Lakini hawakumpa jukwaa na kipaza sauti wakamwacha apambane. Walimketisha na Brian Kernighan, aliyefanya kazi naye miaka mingi, na Kernighan akawa anamuuliza. Mambo yalitoka kama yanavyotoka kwa watu wawili wanaongoja chai. Thompson alieleza kwamba mkubwa wake aliwahi kutamani programu ya kutafuta maneno ndani ya mafaili. Yeye tayari alikuwa ameiandika kwa matumizi yake mwenyewe, lakini akajibu kwamba atalifikiria usiku huo, na kesho yake akaileta. Ukumbi ulicheka. Katika kitabu cha mafunzo programu hiyo ni amri ya herufi nne. Kwenye kile kiti ilikuwa kijana mmoja na bosi wake.

Upande wa pili kuna kisa kinachoumiza. Mashine ya ENIAC ilipoonyeshwa kwa umma huko Philadelphia mwezi Februari 1946, waliokuwa wameipangia kazi za hesabu walikuwa wanawake sita. Walionekana kwenye picha, lakini majina yao hayakutajwa. Katikati ya miaka ya 1980, mwanafunzi aitwaye Kathy Kleiman aliziona picha hizo akauliza hao ni kina nani, akaambiwa ni wanamitindo waliosimamishwa hapo ili mashine ipendeze. Aliendelea kuuliza hadi akawapata. Mmoja wao, Jean Bartik, aliishi hadi 2011 na alipata nafasi ya kusimulia mwenyewe. Kwa miaka arobaini watu waliadhimisha mashine ile, na waliojua ilivyofanya kazi walikuwa hai, nyumbani kwao, bila kualikwa.

Kwetu Afrika Mashariki hazina hii ni kubwa kuliko tunavyodhani. Majirani zetu Tanzania walipata kompyuta yao ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, baada ya hesabu za serikali kuvurugika, uagizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku, na masharti hayo yalilegezwa polepole tu katika miaka ya 1980. Hebu fikiria karani aliyefundishwa kazi ya mashine, kisha akarudishwa kwenye kalamu kwa amri. Ningesafiri hadi Dodoma kumsikiliza huyo. Ukimpa nafasi yake mtaalamu aje aeleze umuhimu wa teknolojia katika karne ya 21, umepoteza nauli.

Na hapa kwetu? Niliwaambia wale walimu waanze na mashine, waachane na majina. Chukueni kompyuta moja iliyo mezani mwulize: ilitoka ofisi gani, na nani alikaa mbele yake kila asubuhi? Jibu likipatikana, mzungumzaji mko karibu kumpata.

Huenda ni karani wa chama cha ushirika cha kahawa au mpunga. Kila mkulima wa kaunti hii anajua uzito wa karatasi ya malipo: kilo ulizopeleka, bei, kisha makato, mstari juu ya mstari, mpaka ile tarakimu ya mwisho inayoamua kama mtoto atarudi shule. Kwa miaka mingi tarakimu hizo ziliandikwa kwa mkono katika leja ambayo mkulima aliweza kufunguliwa na kuonyeshwa. Siku karatasi ilipoanza kutoka ikiwa imechapwa, ugomvi ulibadilika. Zamani uliuliza nani ameandika. Sasa ulijibiwa kwamba kompyuta ndiyo imesema. Aliyekaa dirishani siku hizo, akielezwa hasira za watu kuhusu mashine ambayo wao hawakuiona, ana hotuba kuu kichwani mwake hata kama hajui.

Huenda pia ni sekretari aliyefunzwa kupiga taipu bila kutazama vidole, kisha akaletewa WordPerfect akiwa tayari na wajukuu. Au mwalimu wa kozi za pakeji za miaka ya 1990, alipokuwa akifundisha MS-DOS, Lotus 1-2-3 na dBase kwa wanafunzi watano kwenye kibodi moja. Msiwasahau walio wadogo kiumri. M-Pesa ilianza Machi 2007, na wakala wa miaka ile, na simu yake ya vitufe na daftari la kuandika kila muamala, ni historia tayari. Simu hiyo nayo ina haki ya meza yake.

Mkishampata, msitume barua kwanza. Nendeni nyumbani, na ikiwezekana mwende na mashine yenyewe, kwa sababu mikono hukumbuka mambo ambayo mdomo umeyasahau. Mwiteni anavyoitwa pale kwake, Mwalimu, Mzee, Mama Fulani, na kunyweni chai kabla ya kutoa kalamu. Msimuombe historia ya kompyuta. Atawapa tarehe na majina ya wakurugenzi. Muulizeni kuhusu siku moja. Ilipowashwa mara ya kwanza alikuwa wapi? Nani alikataa kuigusa? Ilikosea lini, na nani alilipia kosa hilo? Usiku wa Desemba 31, 1999, dunia ikihofia kompyuta zitachanganya mwaka 2000 na 1900, ofisini kwao walifanya nini? Akianza kucheka au akinyamaza ghafla, mmefika mahali penyewe.

Mimi nimejifunza kwa kuumia. Nikiwa chuoni nilisaidia kuandaa kongamano dogo, na tukamwalika mtaalamu kwa sababu ya urefu wa vyeti vyake bila hata mmoja wetu kumtembelea. Alikuja na slaidi zaidi ya sitini. Stima ikapotea kwenye slaidi ya tisa. Hakuwa na neno jingine la kusema.

Wengi wenye kumbukumbu nzuri si wasemaji wa majukwaani, na hapo mfano wa Kernighan unafaa. Wekeni viti viwili na mtafuteni mtu wa kumuuliza, ikiwezekana aliyefanya kazi naye, na dakika arobaini zinatosha. Akisimulia vizuri zaidi kwa Gĩkũyũ, aachwe asimulie kwa Gĩkũyũ, na anayemuuliza awaeleze kwa Kiswahili wasioelewa. Rekodini sauti, kwa idhini yake, kisha mpeni nakala. Na mpeni nauli na posho. Mtu aliyestaafu hajawa kitu cha bure.

Kuna mambo ya sheria ambayo wale walimu hawakuwa wameyafikiria. Karani wa zamani alijua madeni na mishahara ya majirani zake, na diski ya kompyuta yake huenda bado inayajua. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za watu hata zikiwa kwenye mashine iliyojaa vumbi. Kabla ya kuwasha kompyuta yoyote mbele ya umma, fundi aichunguze diski, na kama ina majina ya wanachama au wagonjwa, itolewe na kuwekwa nyingine. Mzungumzaji naye aambiwe mapema kwamba hatakiwi kutaja deni la mtu. Ikiwa kompyuta ilikuwa mali ya ofisi ya umma, haitoki kwa ruhusa ya mdomo ya bosi. Ni lazima ipitie utaratibu wa kuondoa mali chini ya sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya 2015.

Msitegemee kwamba sheria za turathi zitaitunza kwa niaba yenu. Katika Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kompyuta ya chama cha ushirika ina zaidi ya miaka themanini ya kuchelewa. Kwa sasa ni chuma chakavu kinachopimwa kwa kilo.

Vipi kuhusu viongozi? Waalikeni. Wanapenda kuona kazi za vijana, na shughuli hizi zinahitaji marafiki. Wapeni salamu za dakika tatu tatu, na mgeni rasmi afungue maonyesho kwa kubonyeza swichi. Lakini ushauri wangu, ambao huenda wakubwa wangu wasiufurahie, ni kwamba mzungumzaji mkuu atangulie, viongozi wakiwa bado wameketi. Itifaki ya kawaida humweka mwisho, na mwisho huwakuta watoto na wapishi tu.

Orodha ya wale walimu sasa ina majina matatu. La kwanza ni la sekretari mstaafu anayeishi si mbali na mjini. Amekubali kwa masharti mawili: asisimame, na siku hiyo isiangukie msimu wa kufukuza ndege kwenye mpunga, kwa sababu hana mwingine wa kumwachia shamba.