Usahihi wa Wakati katika Programu za Kupima na Kuchanganua Nguvu ya Umeme

Programu ya kompyuta ya kupima nguvu ya umeme hupokea mifululizo miwili ya namba: mmoja wa volteji na mwingine wa mkondo. Kila sampuli ya volteji huzidishwa kwa sampuli ya mkondo ya wakati uleule. Wastani wa mazao hayo katika mizunguko kamili ndio nguvu halisi, inayopimwa kwa wati. Kuzidisha usomaji wa voltimita kwa usomaji wa amita hutoa nguvu dhahiri tu, inayopimwa kwa volti-ampea.

Chukulia mota inayotumia ampea 10 kwa volti 230, mkondo wake ukiwa nyuma ya volteji kwa nyuzi 60. Nguvu dhahiri ni VA 2300, ilhali nguvu halisi ni W 1150. Katika umeme wa Hz 50, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 20. Kwa hiyo, kifaa kikichelewesha sampuli za mkondo kwa milisekunde 1 tu, pembe huongezeka kwa nyuzi 18, na programu huonyesha takriban W 478.

Mwenye kiwanda akitegemea matokeo hayo, atanunua kapasita kubwa kuliko zinazohitajika. Ndiyo maana mpimaji hana budi kuanza na mzigo wa ukinzani mtupu, kama jiko la umeme la koili. Hapo uwiano wa nguvu halisi kwa nguvu dhahiri hutakiwa kukaribia 1; ucheleweshaji uliotajwa ungeushusha hadi 0.95.