Saikolojia Chanya na Utamaduni wa Timu Kazini: Kutoka Wito wa Furaha hadi Usalama wa Kusema

Makala haya yanafafanua mchango wa saikolojia chanya katika kujenga utamaduni wa timu kazini, na kubainisha ni madai yapi yanafaa kuwa msingi wa sera. Tawi hili lilipata msukumo mwaka 1998, Martin Seligman alipokuwa rais wa Chama cha Saikolojia cha Marekani. Hoja yake ilikuwa kwamba taaluma hiyo ilijikita mno katika maradhi ya akili, ikasahau kuchunguza yanayomwezesha mtu kustawi.

Katika maeneo ya kazi, hoja hiyo mara nyingi hufinywa ikawa wito wa kuwa na furaha. Ufinyu huo una hatari. Mwaka 2005, Barbara Fredrickson na Marcial Losada walidai kwamba ustawi huanza pale hisia chanya zinapozidi hisia hasi kwa uwiano wa takriban 2.9 kwa 1. Mwaka 2013, Nicholas Brown, Alan Sokal na Harris Friedman walionyesha kwamba hisabati iliyozaa uwiano huo haikuwa na mashiko, na jarida lililoichapisha likaitangaza kuwa batili. Fredrickson aliiacha hisabati hiyo, ingawa aliendelea kutetea umuhimu wa hisia chanya. Funzo kwa mshauri wa sera ni bayana: mtumishi hapaswi kupimwa kwa tabasamu lake.

Dhana yenye uthibitisho imara zaidi ni usalama wa kisaikolojia, yaani imani ya wanatimu kwamba anayeuliza, anayepinga au anayekiri kosa hatadhalilishwa. Amy Edmondson alipochunguza timu za wauguzi nchini Marekani katika miaka ya 1990, alitarajia kwamba timu bora zingekuwa na makosa machache ya utoaji dawa. Takwimu zilionyesha kinyume. Ufafanuzi wake ulikuwa kwamba timu hizo hazikukosea zaidi, bali ziliyasema makosa yao. Utafiti wake wa mwaka 1999, uliohusisha timu 51 za kampuni moja ya viwandani, ulionyesha kwamba usalama huo huchochea kujifunza, na kujifunza huinua utendaji. Wahenga walikwisha kunena: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Suala hili lina uzito katika ukanda huu. Kenya ilianzisha mikataba ya utendaji katika utumishi wa umma mwaka 2004, na Rwanda ikaanza kutumia imihigo katika wilaya mwaka 2006. Malengo yanayopimika huimarisha uwajibikaji. Hata hivyo, pale takwimu ileile inapotumika kujifunza na kuadhibu, mtumishi hupata sababu ya kuificha.

Kwa hiyo, hatua tatu zinapendekezwa. Kwanza, taarifa za makosa yasiyo ya makusudi zitenganishwe na tathmini ya kupandishwa cheo, huku uzembe na ubadhirifu vikiendelea kushughulikiwa kinidhamu. Pili, wakuu wa idara waombe maoni ya watumishi wa ngazi ya chini kabla ya kutoa yao, kwa kuwa heshima kwa mkubwa huweza kugeuka ukimya. Tatu, pongezi zitaje kazi mahususi iliyofanywa, badala ya sifa za jumla. Aidha, ongezeko la taarifa za makosa katika miezi ya mwanzo lisichukuliwe kuwa dalili ya kuzorota. Huenda likawa ishara ya kwanza kwamba watumishi wameanza kuaminiana.