Mtoto Anachechemea? Usilaumu Goti Kabla ya Kuchunguza Nyonga



Hapa Tunduru msimu wa korosho ukifika, watoto wetu hushinda mikoroshoni, wengine wakiokota na wengine wakipanda. Mtoto akirudi jioni anachechemea, jibu huwa lipo tayari: "Ameanguka." Anachuliwa kwa mafuta, basi. Wengi hupona. Lakini wapo ambao tatizo lao liko kwenye nyonga, na siku zinazopotea ndizo zinazowalemaza.

Fahamu kwanza kuwa nyonga hudanganya. Mishipa ya fahamu inayofika kwenye nyonga hufika pia kwenye goti, hivyo mtoto mwenye ugonjwa wa nyonga anaweza kushika goti akilia, na goti lenyewe likawa halijavimba. Mlaze chali, kunja paja lake kuelekea tumboni, kisha lizungushe taratibu. Likikwama au akipiga kelele, ishuku nyonga. Mzazi anayesali na wanawe huweza kuona mapema zaidi: mtoto aliyekuwa akikaa vizuri katika tahiyatu sasa ananyoosha mguu mmoja pembeni. Usimkaripie. Muulize panapouma.

La hatari zaidi ni usaha ndani ya nyonga. Mtoto ana homa, hataki kukanyaga wala kuguswa mguu. Usaha hula gegedu kwa muda mfupi mno, hivyo mpeleke hospitali siku hiyo hiyo ili nyonga ifunguliwe, isafishwe, na apewe dawa kwa sindano. Usichue wala usingoje kombe limalizike. Kisomo hakizuiliwi, lakini husomwa hata ndani ya gari.

Mtoto wa miaka 4 hadi 8, hasa wa kiume, akichechemea kwa wiki kadhaa bila homa, huenda damu haifiki vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja. Ugonjwa huo huitwa Perthes. Hali kama hiyo huwapata pia wenye sikoseli. Kifua kikuu nacho hushambulia nyonga polepole, huku mtoto akikonda.

Kwa kijana wa miaka 10 hadi 16, hasa mnene, kichwa cha mfupa huweza kuteleza kutoka mahali pake. Huyu asiendelee kutembea shuleni na madrasa "mpaka mwisho wa wiki". Hufanyiwa upasuaji na kufungwa skrubu, na kuchelewa kunaweza kumwachia mguu mfupi maishani.

Kina mama wana habari njema. Madaktari wa hospitali moja ya Blantyre, Malawi, walipitia kumbukumbu za miaka 10 hadi 2012 za watoto zaidi ya 40,000, wasikute hata mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga iliyotoka mahali pake tangu uchanga. Walihusisha hilo na kubeba watoto mgongoni, kwani mapaja yakitanuka nyonga hukaa mahali pake. Basi mbeleko zetu tusizionee haya. Kumviringisha mtoto mchanga kwa nguvu miguu ikiwa imenyooka ndiko kubaya, hata kama bibi ndiye aliyeagiza.

Ukifika hospitali ya wilaya, eleza kuwa unashuku nyonga, ili eksirei ipigwe nyonga zote mbili badala ya goti peke yake. Ukipewa rufaa ya Songea au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, usiiweke kabatini. Na mtoto akiwa kitandani amefungwa mguu, asali kwa kukaa, asipoweza asali akiwa amelala.