Joho la Kijidudu cha Kichomi

SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA: ELIMU YA AFYA

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: kijidudu, joho, chembe nyeupe, chanjo. Wanafunzi, yasomeni pamoja kwa sauti. Leo tutayatumia yote.

Tuna swali moja la kujibu. Je, kwa nini kijidudu kisichoonekana kwa macho huweza kumwua mtoto aliyekuwa akicheza uani juzi tu? Tutachukua mfano wa kijidudu kimoja kinacholeta kichomi, yaani ugonjwa wa mapafu ambao hospitalini huitwa nimonia. Wataalamu hukiita nyumokokasi. Sisi tutakiita kijidudu cha kichomi, lakini fahamuni kwamba viko vijidudu vingine pia viletavyo ugonjwa huo.

Kijidudu hiki ni kidogo sana. Ukivipanga 1,000 katika mstari mmoja, urefu wa mstari huo utakuwa kama milimita 1 tu. Hukaa puani na kooni mwa watu wenye afya, hasa watoto, na mara nyingi hakiwadhuru. Hutoka kwa mtu mmoja na kumwingia mwingine kwa njia ya kukohoa na kupiga chafya. Hatari huja kinaposhuka mapafuni, au kinapoingia katika damu, au kinapofika kwenye utando unaofunika ubongo.

Mwili wetu haukai bure bila ulinzi. Katika damu mna chembe nyeupe, nazo ni askari wetu. Kazi yao ni kukamata vijidudu vigeni na kuvimeza. Basi kwa nini hazikimezi kijidudu cha kichomi? Ni kwa sababu kimevaa joho. Joho hilo limetengenezwa kwa sukari, si sukari ya chai, bali sukari ya namna nyingine iliyoungana kama minyororo mirefu. Tena ni joho lenye utelezi.

Fikirini samaki aitwaye kambale. Hana magamba, na mwili wake umejaa utelezi. Ukimshika kwa mikono mitupu, huchoropoka. Hivyo ndivyo chembe nyeupe inavyopata taabu. Inakishika kijidudu, kijidudu kinateleza. Wakati huo kinazaana, na mapafu yanajaa maji na usaha.

Je, tumejuaje kwamba kosa ni la joho? Sikilizeni habari hizi mbili.

Habari ya kwanza ni ya London. Mwaka 1928 Frederick Griffith, mtaalamu wa Wizara ya Afya ya Uingereza, alieleza majaribio yake juu ya panya. Alikuwa na vijidudu vya kichomi vya namna mbili: vyenye joho na visivyo na joho. Panya waliodungwa vyenye joho walikufa. Panya waliodungwa visivyo na joho walibaki wazima.

Habari ya pili ni ya New York. Huko René Dubos, mzaliwa wa Ufaransa, alitafuta katika udongo wa kinamasi kitu kinachoweza kula sukari ya joho. Alikipata: kijidudu kingine cha udongoni, ambacho hutoa kimeng'enya, yaani kitu cha kuyeyushia chakula chake. Mwaka 1930 yeye na Oswald Avery walitangaza kwamba panya waliopewa kimeng'enya hicho waliokolewa na kijidudu chenye joho la aina ile. Angalieni jambo hili kwa makini. Kimeng'enya hakikukiua kijidudu. Kilikivua joho tu, na chembe nyeupe zikakimeza.

Sasa turudi kwa kambale. Mtu anayetaka kumsafisha hufanyaje? Humpaka majivu, na mkono ukapata mahali pa kushika. Mwili wetu nao una majivu yake, nayo huitwa kingamwili. Kingamwili hunata juu ya joho, na chembe nyeupe hushika hapo. Shida ni kwamba mwili hutengeneza kingamwili ya kufaa baada ya kulijua joho, na kujifunza huko huchukua siku nyingi. Mtoto mdogo aliyeshikwa na kichomi huenda asizipate siku hizo.

Hapo ndipo chanjo inapofaa. Katika chanjo ya kichomi hamna kijidudu kizima. Mna vipande vya sukari ya joho tu. Lakini mwili wa mtoto wa chini ya miaka 2 haujifunzi vizuri kwa sukari peke yake. Kwa hiyo wataalamu huiunganisha sukari hiyo na protini, na mtoto mchanga hujifunza. Kenya ilianza kuwapa watoto wote chanjo hiyo mwaka 2011, na Tanzania ikafuata miaka miwili hivi baadaye. Mtoto alianza kuchanjwa akiwa na wiki 6, akarudi wiki ya 10, kisha wiki ya 14. Mzazi, usiseme, "Amekwisha chanjwa mara moja, yatosha." Somo la kwanza husahaulika lisiporudiwa. Shika tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake.

Wengine huuliza, "Mbona mtoto wa jirani alichanjwa na bado akapata kichomi?" Swali hilo ni la haki. Kijidudu hiki kina majoho ya aina zaidi ya 100, na chanjo hufundisha aina chache tu, zile zilizochaguliwa kwa kuwa huleta ugonjwa mkali kwa watoto wengi. Tena, kama tulivyosema, viko vijidudu vingine. Mwaka 2019 nimonia ya kila namna iliua watoto zaidi ya 700,000 wa chini ya miaka 5 duniani. Kwa hiyo chanja, na bado uwe macho.

Mtoto akikohoa, mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi 2 hadi mwaka 1, ni 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Tena tazama kama kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, au kama anashindwa kunyonya. Ukiona dalili mojawapo, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali au zahanati mara moja. Na akipewa dawa, azimalize zote, hata akiwa amekwisha kupata nafuu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA DARASANI

1. Joho humsaidiaje kijidudu cha kichomi?
2. Kwa nini panya wa New York walipona, ingawa kimeng'enya hakikuua kijidudu?
3. Katika mfano wetu, majivu ni nini, na kambale ni nini?
4. Mtoto wa miezi 8 anavuta pumzi 54 kwa dakika. Utafanya nini?

Kabla ya somo lijalo, kila mzazi asome kadi ya mtoto wake mwenyewe, aone ni chanjo ipi bado. Kwaherini.