Wakwekeri mbele ya vita

Wakwekeri walitokea Uingereza katika karne ya 17, wakimfuata George Fox. Hawana upadri wala Sakramenti. Katika hayo wako mbali nasi. Lakini wanasadiki kwamba nuru ya Mungu inaangaza ndani ya kila mtu, hata adui. Kwa hiyo mwaka 1661 walimjulisha mfalme Charles II kwamba hawatapigana kwa silaha, kwa sababu yoyote.

Mtu angefikiri kwamba tangu siku ile jambo lilikwisha. Sivyo. Katika vita ya 1914–1918, karibu theluthi ya vijana wao wa Uingereza waliofikia umri wa kupigana waliingia jeshini. Zamiri haishikwi na shauri la wazee tu.

Wengine walifanyiza kundi la kuhudumia waliojeruhiwa. Kati yao alikuwa Corder Catchpool, aliyewatunza askari huko Dunkerque. Mwaka 1916 serikali ilitoa sheria ya kulazimisha vijana kuwa askari. Ilikubali kwamba mwenye kukatazwa na zamiri aweza kujitetea mbele ya baraza. Catchpool akaona kwamba sasa kazi yake ya huruma inahesabiwa kuwa kipande cha jeshi. Akaiacha, akarudi kwao, akakataa amri, akafungwa zaidi ya miaka miwili. Watu waliwaita wenye kukataa waoga. Lakini je, mwoga angetoka hospitali ya vitani ili aingie gerezani? Mwaka ule ule wakataaji 35 wa Uingereza, Wakwekeri wakiwa kati yao, walipelekwa Ufaransa, wakahukumiwa kufa. Kisha hukumu ikageuzwa kuwa miaka 10 ya kifungo.

Na sisi je? Eklezya haijakana haki ya inchi kujikinga. Lakini Mtaguso wa Vatikano II, katika Gaudium et Spes namba 79 (1965), unataka sheria ziwafikirie kwa utu wale wanaokataa silaha kwa ajili ya zamiri, mradi wakubali kuwatumikia wenzao kwa namna nyingine. Padri atakayeulizwa na kijana asiharakishe kujibu. Franz Jägerstätter, mkulima Mkatoliki wa Austria, alishauriwa na askofu wake awafikirie kwanza jamaa zake. Yeye alikataa kupigana kwa ajili ya Hitler, akaomba kuwatunza wagonjwa tu. Hawakumkubalia. Alikatwa kichwa tarehe 9 Agosti 1943. Mwaka 2007 Eklezya ikamtangaza Mwenyeheri.