Kuishonea Upya Tarakilishi Kuukuu: Mbinu za Kuokoa Muda kwa Mwandishi wa Kiswahili

Katika Soko la Toi, lililoko ukingoni mwa Kibera karibu na Barabara ya Ngong jijini Nairobi, mnunuzi wa suruali ya mtumba aghalabu haendi nayo nyumbani moja kwa moja. Huipeleka kwanza kwa fundi wa cherehani, ambaye hukata urefu uliozidi na kupunguza kiuno. Suruali hiyo ilishonwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Kazi ya fundi ni kuifanya imkae mwenyewe. Tarakilishi kuukuu nayo ni mtumba. Mfumo endeshi wake ulipangwa kwa lugha na mazoea ya mtumiaji mwingine. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba muda unaopotea mbele ya chombo kama hicho hautokani na uzee wake pekee, bali pia na kutorekebishwa kwake.

Suala hili lina uzito kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Mwenye kuchapa tasnifu katika duka la intaneti linalotoza kwa dakika hulipia kila neno ambalo mashine imeliharibu naye akalazimika kulirudia. Aidha, anayeona kazi yake imejaa mistari myekundu huweza kuamini kwamba kosa ni la lugha yake, ilhali kosa ni la mpangilio.

Hatua ya kwanza ni kuhifadhi nakala. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Kabla ya kubadilisha lolote, faili zote muhimu zinakiliwe katika diski ya mkononi, na diski hiyo iwekwe mahali pengine. Soko la Toi lenyewe liliteketezwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Nakala inayokaa chumba kimoja na mashine haina kinga dhidi ya janga la namna hiyo.

Hatua ya pili ni kupunguza kabla ya kuongeza. Katika Windows XP, iliyotolewa mwaka 2001, na Windows 7, iliyotolewa mwaka 2009, programu nyingi hujianzisha zenyewe pindi tarakilishi inapowashwa, nazo hugawana kumbukumbu ambayo tayari ni haba. Mtumiaji abonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi R, aandike msconfig, kisha afungue sehemu inayoorodhesha programu za mwanzo. Aondoe alama kwenye zile anazozitambua na asizozihitaji kila siku. Asiyoitambua aiache, na kinga ya virusi isiguswe. Vilevile, madoido ya kiwambo kama vile vivuli na madirisha yanayoteleza yanaweza kuzimwa katika mipangilio ya utendaji. Mashine yenye kumbukumbu ndogo hupata nafuu kwa hatua hizi mbili bila gharama yoyote.

Hatua ya tatu ni kufupisha njia. Programu inayotumiwa kila siku hupewa vitufe vyake: mtumiaji hubofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama yake ya mkato, hufungua sifa zake, na kuchagua herufi moja itakayobonyezwa pamoja na Ctrl na Alt. Kitufe cha Windows na herufi E hufungua makabrasha. Kitufe hicho na herufi D huonyesha eneokazi. Anayeyazoea haya hupumzika kuhangaika na menyu.

Hatua ya nne, na iliyo muhimu zaidi kwa wasomaji wa jarida hili, ni kuifundisha mashine Kiswahili. Programu ya kuchapa iliyopangwa kwa Kiingereza hugeuza sentensi "Kalamu i mezani" ikawa "Kalamu I mezani", kwa kuwa hukiona kitenzi hicho kishirikishi kuwa kiwakilishi cha Kiingereza. Dawa yake ni kufungua orodha ya masahihisho ya papo kwa papo na kukifuta kipengele hicho. Orodha iyo hiyo yaweza kugeuzwa kuwa mtumishi: kifupi "fsk" kikiingizwa humo, kila kinapochapwa hutokea "fasihi simulizi ya Kiswahili". Kifupi kisiwe neno kamili. "Fasi", kwa mfano, haifai, kwa sababu ina maana yake yenyewe ya mahali. Matini nzima nayo iteuliwe kuwa ya Kiswahili, au ukaguzi wa tahajia uzimwe, ili mistari myekundu isifiche makosa ya kweli.

Ni vyema kukumbuka kwamba wataalamu walikwisha kuitengeneza njia hii. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya kiolesura cha Kiswahili vya kuwekwa juu ya Windows ya Kiingereza. Leo LibreOffice, inayopatikana bila malipo, ina kikaguzi cha tahajia cha Kiswahili. Kinachosalia ni watumiaji kuviwasha vifaa hivyo.

Hata hivyo, marekebisho haya yana mpaka. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Mashine yenye mifumo hiyo inafaa kuandikia ikiwa nje ya mtandao, wala isitumiwe kwa shughuli za fedha. Anayehitaji mtandao yampasa afikirie Linux iliyo nyepesi, kama vile Lubuntu, ikiwa chombo kinaweza kuibeba.

Kwa kuhitimisha, kipya kinyemi ingawa kidonda. Tarakilishi mpya iliyopangwa kwa Kiingereza itaendelea kuigeuza "i" kuwa kiwakilishi, tena kwa kasi zaidi. Mwanafunzi asiache mbachao kwa msala upitao: saa moja ya kuirekebisha mashine aliyo nayo itamfaa kila siku atakayoketi kuandika.